Kaburi la Golini

Mume wangu Mikidadi alikuwa mchimba makaburi, na kabla hujakunja pua nikwambie kabisa: hakuna aliyemwajiri na hakuna aliyemlipa. Mtu akifa kijijini kwetu, huku milimani mwendo wa saa moja na nusu juu ya Mkuyuni, Mikidadi alichukua jembe na sururu yake akaenda. Kama alikuwa anakula, aliacha chakula. Kama alikuwa anagombana na mimi, aliacha ugomvi katikati, na hilo ndilo lililokuwa likiniudhi zaidi, maana mimi ugomvi wangu napenda niumalize.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, mchimba kaburi haulizi la nani. Anaambiwa mahali, analetewa ufito wa kipimo cha maiti, anachimba. Jina la marehemu atalisikia kwenye dua kama watu wengine. Alifundishwa hivyo na mjomba wake, na mjomba alifundishwa na mjomba wake. La pili, kaburi likishachimbwa halilali wazi. Ikiwa maiti imekwama njiani, au ndugu wamegeuza nia wakaenda kuzika kwingine, unakatwa mgomba unazikwa mle kama mtu, jua lisije likazama juu ya shimo tupu. Kaburi tupu huita. Huita wa karibu, na huanza na mgonjwa. Wewe cheka tu, huku kwetu hatucheki.

Sasa mwaka ule wa tisini na nne, mgonjwa wa kijiji alikuwa mimi. Miguu imevimba kama mihogo ya kuloweka, pumzi fupi, nikitembea mpaka jikoni napumzika mara mbili. Hospitali mjini walisema ni moyo, wakanipa vidonge, nikarudi kulala barazani kwenye mkeka na kuwatukana kuku. Binti yetu Asia alikuwa Dakawa kwa mumewe, kwenye mpunga, kwa hiyo nyumbani tulibaki wawili. Mikidadi ndiye aliyekuwa akinipikia uji. Uji wake ulikuwa na madonge hata kuku wanaususa, lakini alinipikia kila asubuhi.

Mambo yalikuwa yameshakuwa ruksa. Zamani kujitolea kulikuwa kwa lazima: filimbi inapigwa alfajiri, usipotokea barabarani na jembe lako unalipa faini. Watu walikuwa wakijitolea kweli kweli, kwa hofu. Ilipokuja ruksa kila mtu akashika lake, mwenye ndizi akauza ndizi, mwenye mitumba akafungua marobota. Filimbi ikapigwa, akatokea mpiga filimbi peke yake. Ndipo huko juu wakaunda Baraza la Raia la Kuhamasisha Kujitolea. Wajumbe wake waliteuliwa kwa barua yenye mhuri, na aliyeteuliwa kujitolea hakuruhusiwa kukataa.

Mratibu wa mkoa alikuwa Bwana Agustino, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa makamo aliyekuwa ofisa utumishi wa kiwanda kimoja mjini mpaka kilipofungwa. Alipanda mlima wetu na suti yake ya Kaunda na jalada kwapani, akihema kuliko mimi mgonjwa. Halidi, mwenyekiti wetu wa kijiji, akamtembeza kwa wanakijiji wote wanaojitolea, yaani akamleta kwa Mikidadi.

"Mzee, umeanza kujitolea lini?" akauliza Agustino, fomu gotini.

"Sijawahi kujitolea," akasema Mikidadi.

"Si nasikia unachimba makaburi bure?"

"Nachimba. Si watu wanakufa?"

Agustino akaandika. "Mafunzo ya kujitolea umepata wapi?"

"Kwa mjomba."

"Cheti alikupa?"

"Alikufa."

"Na msimamizi wako wa kazi ni nani?"

Mikidadi akafikiri, halafu akanyoosha kidole juu mbinguni. Agustino akatazama paa, akaandika, akakata, akaandika tena. Mimi pale mkekani nilikuwa nimejiziba mdomo kwa khanga nisije nikafa kwa kucheka kabla moyo wenyewe haujanimaliza.

Mwezi haukuisha, Halidi akaleta barua. Aliisoma kwa sauti barazani kwetu, na mpaka leo naikumbuka. Ilisema ndugu Mikidadi ameteuliwa, na kwamba kwa heshima anatakiwa kuandaa kaburi moja la kawaida katika uwanja wa shule, siku ya Jumamosi, liwe tayari saa nne kamili asubuhi, kabla ya kuwasili kwa mgeni rasmi. Basi, na mhuri.

Mtu wa mjini akiisoma ataona ni maonyesho tu, kama ya Nane Nane, ambapo ng'ombe anasimama atazamwe. Sisi tuliielewa kama mtu mwenye akili anavyoielewa. Kaburi linatakiwa kabla mgeni hajafika, sasa huyo mgeni anakuja kufanya nini kama si kuzikwa?

"Ni mkubwa huyo," akasema Halidi kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana uwanjani na si makaburini."

"Ni nani?" nikauliza.

Mikidadi akanitazama kana kwamba nimevua nguo. "Mama Asia, haulizwi."

"Wewe ndiye huulizi! Mimi sichimbi, mimi nauliza!"

Lakini Halidi naye hakujua, na kwenda mpaka mjini kuwauliza wafiwa kwamba maiti wenu ni nani hasa, nani angejivika aibu hiyo? Kikwazo kilichobaki kilikuwa kipimo. Barua ilikuja bila ufito. Mikidadi aliigeuza huku na huku, kana kwamba ufito umekunjwa ndani ya bahasha, kisha akatoka uani akajilaza chali chini.

"Mama Asia, nipime."

"Toba! Unajipima kaburi la mtu?"

"Wameandika la kawaida. Mimi ni mtu wa kawaida."

Nikajikokota na kisu na ufito, nikaulaza kando yake, nikakata penye kidole gumba cha mguu huku nikinung'unika. Alikuwa na vumbi masikioni. Nilimpangusa.

Jumamosi alianza kuchimba baada ya sala ya alfajiri. Alichagua golini, upande wa chini, kwa sababu nyasi pale zilishakwisha kwa miguu ya magolikipa na udongo ulikuwa laini. Hakujua marehemu ni Mwislamu au Mkristo, basi akalichimba la kufaa wote, mwanandani upo na jeneza linaingia. Saa tatu akawa amemaliza. Lilikuwa kaburi zuri, nasema kweli, kingo zake zimenyooka kama za mwashi. Wanawake walishabandika masufuria ya wali. Mimi walinibeba na mkeka wangu wakaniweka kivulini, maana nilisema sibaki nyumbani mkubwa mzima anazikwa kwetu nami sioni.

Kiongozi wa kilio alikuwa jirani yangu Shamsia. Shamsia huyu anaweza kumlilia mtu yeyote, hata asiyemjua, hata aliye hai. Land Rover ya Baraza ilipotokea tu kwenye kona, akaachia ukunga, na wote wakamfuata. Agustino akashuka akiwa na turubai la kivuli, viti, bango la kitambaa na mpiga picha. Land Rover ikageuza kwenda kumfuata mgeni rasmi Mkuyuni. Wanawake wakamzunguka Agustino, wanamshika mikono, machozi yanatiririka.

"Poleni, poleni sana."

"Asanteni, barabara mbaya mno," akajibu Agustino, na macho yake yakalowa. "Jamani, sijawahi kupokelewa hivi popote mkoani."

Halidi akamvuta pembeni, yaani hatua mbili kutoka mkekani kwangu. "Mwili utapita barabara hii hii?"

"Mwili gani?"

"Wa mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi yuko njiani, mzima wa afya, nimeongea naye jana."

"Sasa nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, bwana mwenyekiti. Ni sherehe ya kumpa Mzee Mikidadi cheti cha mshindi wa kujitolea. Kaburi ni la maonyesho."

Kilio kilikatika ghafla. Shamsia alikuwa na ukunga nusu mdomoni, akaumeza. Kisha akageuza shingo taratibu akanitazama mimi. Na wa pili yake akanitazama. Na wa tatu. Kijiji kizima, wazee kwa watoto, macho kwangu, halafu shimoni, halafu kwangu.

"Mnanitazama nini?" nikasema. Niliogopa, sitaki kudanganya.

Shamsia akaja akapiga magoti, akanishika mkono. Tulikuwa hatusemezani tangu mwaka juzi kwa ajili ya sufuria yake niliyoazima. "Dada Mwaisha," akasema kwa upole wa kutisha, "ile sufuria, wala usiifikirie."

"Sufuria yako nitakurudishia nikipona," nikamwambia. "Na nisipopona utaifuata huko huko niliko."

Mikidadi alikuwa amesimama kwenye rundo la udongo. Uso wake ulikuwa umekwisha kabisa. Akamwambia Agustino, polepole kama kawaida yake, "Basi nikate mgomba nizike."

"Mzee wangu, nakuomba sana," akasema Agustino. "Mgeni rasmi lazima alione likiwa wazi. Kuna picha, kuna ripoti. Ukilifukia sasa nitaandika nini? Anafika sasa hivi, kabla ya saa tano."

Na hapa ndipo penye ugonjwa wa Mikidadi, kwa sababu kila mtu ana wake. Hakujua kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa halipiti kooni mwake. Ndiyo maana alichimba makaburi ya watu miaka yote ile, na ndiyo maana nilimpata mimi, kwa sababu nilipomwambia nioe hakukataa.

Saa tano ikapita. Saa saba tukala wali wa msiba usio na maiti. Mpiga picha alilipiga picha shimo kutoka pande zote nne, na ya tano akalala kifudifudi. Saa tisa bango likang'olewa na upepo. Saa kumi na nusu jua likaanza kuegemea mlima, na wewe kama unaijua Uluguru unajua jua likishaegemea halichelewi. Mikidadi akalitazama jua, akanitazama mimi, akavua kandambili zake akazipanga vizuri kando. Akaingia kaburini.

"Mzee!" Agustino akakimbilia ukingoni. "Unafanya nini?"

"Si mmesema libaki wazi? Liko wazi," sauti ikatoka chini. "Ila si tupu. Endeleeni tu na shughuli."

"Toka, mzee wangu, mgeni rasmi akikukuta humo!"

"Ehe," akasema Mikidadi. Hiyo ilikuwa ehe yake ya kukubali kila kitu na kubaki pale pale.

Nikaomba wanisogeze. Hakuna aliyetaka, nikajiburuta mwenyewe na makalio, pumzi inakata, mpaka kwenye rundo la udongo. Nilichungulia nikaona kofia yake.

"Baba Asia, toka humo. Unaniaibisha."

"Usichungulie, Mama Asia. Rudi nyuma."

"Sirudi! Ukitaka kufa utaniacha na nani? Uji nitapikiwa na nani?"

Kisha akasema, "Kipimo ni changu. Si ulinipima mwenyewe? Likiita, liniite mimi. Lisikuite wewe."

Miaka thelathini na moja ya ndoa, huyo mwanamume hajawahi kuniambia neno moja tamu. Hata siku ya harusi alisema kanzu inambana. Nikalia pale juu ya udongo, nikalia kwa hasira na kwa mapenzi, na nikamtukana matusi yote ninayoyajua na mengine nikayatunga.

Ndipo magari yakaingia. Mgeni rasmi alishuka haraka haraka, mnene, karatasi ya hotuba na cheti mkononi, anataka amalize awahi mjini. Akaona mwanamke analia juu ya kaburi, wengine wameinamisha vichwa.

"Mshindi wetu yuko wapi?" akanong'ona.

Halidi alichanganyikiwa. Akajibu ukweli. "Yuko kaburini, mheshimiwa."

"Ooh. Masikini. Lini?"

"Sasa hivi. Kama nusu saa."

Mgeni rasmi akavua miwani. Akaja akanishika bega, akasema Mungu anipe subira. Agustino akaanza kumweleza, akazuiwa kwa mkono. "Kabla ya hotuba," mgeni rasmi akatangaza, "tusimame kwa dakika moja kumkumbuka ndugu yetu Mikidadi, aliyejitolea mpaka mwisho." Wote wakasimama. Nakwambia wote, hata waliojua, hata Shamsia, kwa sababu mkubwa akisema simameni watu husimama. Kunguru mmoja akapita.

Katikati ya dakika ile, Mikidadi akapiga chafya.

"Alhamdulillahi," akasema kaburini, kama inavyotakiwa.

Mgeni rasmi hakukimbia, aliruka. Kiatu kimoja kilibaki, cheti kikabaki, hotuba ikaruka na upepo kuelekea mto. Mlango wa gari ulifungwa likiwa linatembea, na Land Rover ya Baraza ikalifuata nyuma na mpiga picha ndani, huyo hakupiga hata picha moja, mjinga. Vumbi lilipotua, aliyebaki alikuwa Bwana Agustino peke yake, amesimama na jalada lake.

Jua lilikuwa limebaki vidole viwili juu ya mlima.

"Wewe ni Mnyamwezi?" Halidi akamuuliza.

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mtani wetu. Kazi ya mtani msibani unaijua, kuzika na kutania."

Agustino alitazama shimo, akanitazama nilivyokaa na miguu yangu iliyovimba, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu aliweka jalada chini. Akachukua panga na ufito wangu, akatokomea migombani kwa mbio ambazo sikumtegemea. Alirudi na mgomba begani, suti imeloa utomvu, na utomvu wa mgomba unajulikana, hautoki mpaka nguo inachanika. Alikuwa mtu wa ofisi huyo, hakujua unakatwa wapi, basi aliung'oa na kisiki chake chini, akaupunguza juu kwa kipimo.

Wakauteremsha huku Mikidadi anapanda. Hakukubali kunyanyua mguu wa mwisho mpaka mgomba umegusa chini. Halafu akatoka, mweusi kwa udongo, akaja akakaa kando yangu, mkono wake umeshika khanga yangu kama mtoto.

Agustino ndiye aliyefukia. Na kama mtani anavyotakiwa, akaanza kuomboleza kwa mzaha: "Ewe mgomba, umetuachia nani! Madeni yako nani atalipa!" Watu wakacheka, mara ya kwanza siku ile. Akaendelea, "Ewe mgomba, ulifanya kazi miaka ishirini, wakafunga geti asubuhi moja," na tukaona analia kweli, makamasi na kila kitu, jembe mkononi. Hakuna aliyemkataza. Shamsia akaanzisha ukunga upya kumsaidia. Mwishoni akaokota cheti, akakitazama, akakitupa shimoni, na udongo ukafuata. Jua likazama juu ya udongo uliojaa.

Alilala kwetu. Uji wa Mikidadi aliunywa na madonge yake, akaomba tena. Baadaye tulisikia ripoti yake kwa Baraza iliandikwa hivi: maziko yalifanyika kwa mafanikio, wananchi walijitokeza kwa wingi. Wakafurahi, wakataka kila wilaya ifanye kama sisi.

Mgomba ule kwa sababu ya kile kisiki uliota. Watoto wakaukata, ukaota. Mpaka leo goli la chini lina mgomba, na golikipa wetu akifungwa husema umemziba macho.

Mimi nilipona, au tuseme sikufa, vidonge au mgomba sijui. Sufuria ya Shamsia nimemrudishia. Mikidadi ndiye aliyetangulia, mwaka wa elfu mbili na tatu, kichomi cha siku mbili tu, hata kugombana hatukupata nafasi. Halidi na wanaume wakaja nyumbani, wakasimama mlangoni bila kuniangalia usoni, wakisema wanataka kipimo.

Kwa desturi ufito huachwa kaburini. Ule wa siku ile mimi niliuokota nikauficha kwenye paa, juu ya kitanda, miaka tisa, na yeye alijua na hakusema. Nikauchomoa, nikampa Halidi. Akaingia ndani akaulaza kando yake, kichwani mpaka kidole gumba cha mguu. Haukuzidi wala kupungua. Wakachukua jembe lake na sururu yake, wakaenda, na hakuna aliyeuliza la nani.